Mwezi Ulioandama Kwenye Simu

Jumamosi ya tarehe 29 Machi 2025, saa nane kasoro dakika mbili mchana kwa saa za Afrika Mashariki, mwezi ulipita baina ya dunia na jua. Hilo halikuwa jambo la kukisia, kwa kuwa mchana huo huo watu wa Ulaya ya magharibi, wa Morocco na wa mashariki ya Canada waliliona jua likimegwa, na jua halimegwi ila mwezi unapokuwa mbele yake. Jioni hiyo, kabla mwezi huo haujatimiza hata saa tano tangu uliposimama mbele ya jua, Saudi Arabia ilitangaza kwamba umeonekana na kwamba Idi ya kumaliza Ramadhani ni Jumapili. Oman ilikamilisha siku thelathini za kufunga na kuswali Jumatatu. Huku kwetu, Tanzania na Kenya, sikukuu rasmi ilikuwa Jumatatu tarehe 31, ingawa katika miji yetu walikuwapo waliokwisha kuswali, kula biriani na kuanika kanzu zao kambani tangu Jumapili, huku jirani zao wakiwa bado wanangoja adhana ya magharibi wafuturu.

Mzozo huu hurudi kila mwaka, na kila mwaka huelezwa kwa namna mbili ambazo zote naziona zimekosea. Wengine husema ni vita baina ya sayansi na dini: kwamba wenye darubini na hesabu wanapingana na wenye macho na hadithi. Wengine husema ni ushabiki tu, kundi moja likiipenda Saudia na jingine likishikilia mila za mababu. Maelezo hayo yanashindwa kujibu swali dogo: kwa nini mzozo huu haukuwapo, angalau kwa sura hii, miaka mia mbili iliyopita, ilhali hesabu za nyota zilikuwapo, hadithi zilikuwapo, na Makka ilikuwapo? Jibu langu ni kwamba kilichotugawa ni chombo cha kupelekea habari, wala hakikuwa chombo cha kutazamia mbingu. Darubini haikumfungulisha mtu yeyote wa Tanga siku tofauti na kaka yake. Simu ndiyo iliyofanya hivyo, na kabla yake redio, na kabla ya redio waya wa chini ya bahari. Tukilielewa hilo tutaona pia kwamba pande zote mbili, hata ule unaojiita wa jadi, zimekwisha kubadilishwa na chombo hicho pasipo kujua.

Mwezi wa mbinguni huchukua siku 29 na nusu na ushei kuizunguka dunia na kurudi pale pale upande wa jua, na kwa kuwa mwezi wa Kiislamu hauwezi kuwa na nusu siku, huwa ama wa 29 ama wa 30. Baada ya kupita upande wa jua, mwezi huhitaji muda wa kujitenga nalo kabla ya kipande chake chembamba kuonekana katika wekundu wa machweo. Watazamaji mahiri waliowahi kuuona kwa macho matupu ukiwa na umri wa saa kumi na tano au kumi na sita wanahesabika kwa vidole, na kwa kawaida huhitajika saa ishirini na zaidi, pamoja na anga safi na upeo usiozibwa na mlima wala vumbi. Tena kadiri mtu anavyokuwa magharibi ndivyo jua linavyomchwea baadaye, na ndivyo mwezi unavyokuwa umepata nafasi ya kukua. Kwa hiyo kuna jioni ambazo, kwa haki kabisa, mwezi huonekana Dakar usionekane Mombasa. Tofauti ya kuonekana imo katika maumbile yenyewe, na haikuletwa na fitina ya mtu.

Wanazuoni waliijua tofauti hiyo tangu mwanzo, na kisa wanachokirejea wote ni cha Kuraib, kilichomo katika Sahihi Muslim. Ummul Fadhl, mama wa sahaba Ibn Abbas, alimtuma Kuraib kwa Muawiya, mtawala wa Sham, yaani Syria. Ramadhani ikamwandamia akiwa huko, na mwezi ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas alimwuliza waliuona lini, akamjibu. Ibn Abbas akasema kuwa wao wa Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka wakamilishe thelathini au wauone. Kuraib akauliza kama haitoshi kwamba Muawiya ameuona. Akajibiwa kwamba haitoshi, na kwamba hivyo ndivyo Mtume alivyowaamuru. Vitabu vya fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, vimejadili kisa hiki kwa karne nyingi, vikiuliza kama Ibn Abbas alikataa kwa sababu ya umbali, au kwa sababu shahidi alikuwa mmoja, au kwa sababu ya jitihada yake mwenyewe. Mimi nataka kutazama jambo ambalo huwa linapitwa kwa kuwa linaonekana dogo, nalo ni kwamba habari ilifika mwishoni mwa mwezi. Watu wa Madina walikuwa wamekwisha kufunga karibu mwezi mzima bila kujua kwamba Sham walitangulia, na lau Kuraib asingesafiri, wasingejua kamwe, na swali lisingeulizwa.

Hivyo ndivyo pwani yetu ilivyoishi kwa karne nyingi. Mtu wa Pate aliyekwenda Hijaz, nchi ya Makka na Madina, kwa jahazi alirudi na habari za mwezi wakati mwezi wenyewe umekwisha kusahaulika. Idi ilikuwa na eneo lake, na eneo hilo lilikuwa kadiri habari inavyoweza kukimbia kabla ya alfajiri: mtu kwa miguu, mashua inayovuka mkono wa bahari, ngoma, na huko Unguja mlio wa mzinga. Mpaka wa Idi ulikuwa mpaka wa sauti. Bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, alizungumzia Idi ya Unguja kama alivyozungumzia bei ya karafuu ya Unguja, yaani jambo la watu wa huko, lenye kusikilizwa kwa hamu na lisilomhusu. Katika maneno yake tofauti ilikuwapo, ila mgawanyiko haukuwapo, kwa sababu mgawanyiko huhitaji watu wawili wanaojua, kwa saa ile ile, kwamba mwenzake anafanya kinyume chake.

Ujuzi huo wa saa ile ile uliingia kwa waya. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulivutwa kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Hata neno letu lenyewe linakumbuka asili hiyo: simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na wazee waliposema wameletewa simu walikuwa wakisema karatasi ya maneno yaliyopitishwa kwenye waya, wala si sauti. Katika ulimwengu wa Kiislamu swali likazuka haraka. Mwezi ukionekana Damascus na habari ikapigwa kwa waya hadi mji mwingine, je, hiyo ni shahada, yaani ushahidi unaokubalika? Mwanazuoni wa Damascus, Jamaluddin al-Qasimi, aliandika mwaka 1911 risala nzima ya kutetea kwamba habari ya waya yafaa kufanyiwa kazi. Haja ya kuandika risala inaonyesha jinsi jambo lilivyowasumbua watu. Katika fikihi shahada ina mwili: mtu husimama mbele ya kadhi, anajulikana kwa uadilifu, anaulizwa aliuona upande gani wa jua, pembe zake zikielekea wapi, na nani alikuwa naye. Waya hauna uso, na anayebonyeza ufunguo upande wa pili huenda hata si Mwislamu. Wanazuoni waliokubali habari ya waya walifanya jambo kubwa kuliko walivyodhani, kwani walihamisha uaminifu kutoka kwa mtu na kuuweka kwenye mfumo.

Redio ikauongeza uhamisho huo, tena kwa upole zaidi, kwa kuwa redio ina sauti na sauti humfanya msikilizaji adhani amekutana na mtu. Sauti ya Unguja ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, tangazo moja liliweza kuingia ndani ya nyumba za visiwa vyote na za mwambao kwa pamoja. Mzinga ulikuwa na masafa, redio haikuwa nayo kwa maana ile. Kuanzia hapo kukawa na mtu mmoja, katika chumba kimoja, anayeweza kuwafungulisha watu asiowajua. Madola yalipopata uhuru yalirithi chumba hicho. Tanzania Bara BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ikawa na mamlaka ya kutangaza. Zanzibar ni Mufti. Kenya ni Kadhi Mkuu. Hadi leo kalenda za ukutani zetu huweka nyota ndogo kando ya Idi na kuandika chini yake kwamba sikukuu itategemea kuandama kwa mwezi, maneno ambayo huenda ndiyo pekee katika kalenda nzima ya serikali yanayokiri kwamba kuna jambo lisilopangwa ofisini.

Lakini nadhani televisheni ndiyo iliyogusa imani yenyewe kwa kina zaidi, na hilo halisemwi vya kutosha kwa kuwa macho yetu yako kwenye Ramadhani. Fikiria funga ya Arafa, ya siku ile mahujaji wanaposimama katika uwanda wa Arafa. Kwa mtu wa Lamu wa karne ya kumi na tisa, siku ya Arafa ilikuwa tarehe tisa ya Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, kwa hesabu ya Lamu. Hakuwa na namna yoyote ya kujua ni siku gani mahujaji walisimama uwandani. Angelijua hilo baada ya miezi, walipoteremka chomboni na maji yao ya Zamzam. Siku ya Arafa kwake ilikuwa tarehe. Leo mjukuu wake hufungua televisheni, au kioo cha simu, akawaona mahujaji kwa mamia ya maelfu wakiwa wamesimama jua kali, wakati ule ule, na saa yake ni saa yao kwa kuwa Nairobi, Dar es Salaam na Makka zimo katika ukanda mmoja wa saa. Kumwambia kijana huyo kwamba leo ni tarehe nane na Arafa ni kesho ni kumwambia ayakanushe macho yake. Atakuuliza, nawe huna jibu jepesi, vipi atafunga Arafa kesho wakati mahujaji kesho watakuwa wanachinja. Katika akili yake siku ya Arafa imegeuka kutoka tarehe kuwa tukio. Hakuna sheikh aliyetoa fatwa ya mageuzi hayo, wala hakuna kitabu kilichoyaanzisha. Yaliletwa na kamera, na baada ya kamera ndipo wanazuoni wa pande zote walipokimbilia vitabuni kutafuta dalili za kuyaunga mkono au kuyapinga.

Hoja ya wanaofuata mwezi wa kimataifa, basi, haistahili kudharauliwa kama ushabiki. Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali ni kwamba mwezi ukionekana mahali pamoja, amri ya kufunga imewafikia wote waliopata habari. Zamani sharti hilo la mwisho, kupata habari, liliifanya kauli hiyo iwe ya vitabuni zaidi kuliko ya mitaani, kwa kuwa habari haikufika. Sasa inafika kabla hata chai haijapoa. Mwenye kushika kauli hiyo ana haki ya kusema kwamba udhuru wa zamani umeondoka, na kwamba kuendelea kufunga siku ambayo ndugu yako anaswali Idi, nawe unamwona, ni jambo linalohitaji dalili nzito. Udhaifu wake uko kwingine. Kwa nadharia, mwezi wa kimataifa ungetakiwa kukubali shahada ya Mauritania, ya Chile, ya popote. Kwa vitendo, wengi wa wanaoufuata hungoja tangazo la mji mmoja tu. Hapo hoja ya fikihi inakuwa imeachwa nyuma na mazoea ya mawasiliano, kwa sababu Saudia ndiyo yenye tangazo linalosikika haraka zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Na tangazo hilo, kama la Machi 2025 lilivyoonyesha, halina kinga ya kukosea: kituo cha kimataifa cha elimu ya nyota kilichoko Abu Dhabi kilikuwa kimekwisha kueleza hadharani kwamba kuonekana kwa mwezi jioni ile hakukuwezekana, iwe kwa jicho, kwa darubini au kwa kamera. Anayedhani kwamba kufuata Saudia ni kufuata sayansi dhidi ya mapokeo ya vijijini amelishika jambo kwa mkia.

Upande wa pili, wa mwezi wa nchini, una kisa cha Kuraib, una madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya pwani yetu kwa karne nyingi, na una kanuni ya matlai, kwamba kila eneo lina mwandamo wake. Ni hoja yenye nguvu na inapatana na maumbile kama nilivyoyaeleza. Hata hivyo, wanaoishika hawajajiuliza vya kutosha hilo neno nchini limetoka wapi. Mandera iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Tanga iko kama kilomita 130 tu. Mwezi ukionekana Mandera, habari hupigwa kwa simu, na Mombasa hufuata bila wasiwasi kwa jina la mwezi wa nchini. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, nayo ni ya nchini. Hakuna mwanafikihi wa zamani, awe aliyepima kwa masafa ya safari yanayoruhusu kupunguza sala au aliyepima kwa matlai kama Imam Nawawi, aliyewahi kusema kwamba matlai hukoma Lunga Lunga au Namanga. Hata pale viongozi wa nchi zetu wanapowasiliana na kupokeana habari, na heri wafanyapo hivyo, wanafanya kwa hiari juu ya mpaka uliochorwa na wakoloni. Mwezi wa nchini, kwa hiyo, hauna umri mkubwa. Ni mtoto wa redio ya taifa na simu ya mkoa. Mababu walifuata mwezi wa mji, na mji ulikuwa kadiri ya mzinga.

Kuna hoja moja ambayo ni dhaifu kuliko zote na bado ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba Mtume alisema sisi ni umma usioandika wala kuhesabu, kwa hiyo hesabu ya mwendo wa mwezi haina nafasi yoyote, na anayeitaja analeta dini ya wanajimu. Hadithi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini msikiti ule ule unaosomewa hadithi hiyo una ubao ukutani wenye nyakati za sala za mwaka mzima hadi dakika, na ubao huo umetokana na hesabu ya mwendo wa jua. Hakuna muadhini anayechomeka kijiti uani apime kivuli kabla ya kuadhini alasiri, wala anayepanda mnara kutazama weupe wa alfajiri kabla ya kuwazuilia watu daku. Funga ya kila siku huanza na kwisha kwa hesabu, na watu hawagombani kwa ajili hiyo kama wanavyogombana kwa mwezi. Zaidi ya hapo, Taqiyuddin as-Subki, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 1355, alifikia kauli kwamba hesabu ikithibitisha bila shaka kuwa mwezi hauwezi kuonekana, shahada ya anayedai kuuona hurudishwa, kwa kuwa shahada ni ya dhana na hesabu ni ya yakini. Wengi wa Shafi hawakumfuata katika hilo. Lakini miaka karibu mia saba imepita, na asiyetaka kumsikiliza hawezi kusema kwamba fikra hiyo imeletwa juzi na intaneti.

Wapo pia waliokwenda mbali zaidi na kuacha kutazama kabisa. Baraza la Fikihi la Amerika ya Kaskazini liliamua mwaka 2006 kufuata hesabu, na Uturuki ilikuwa imekwisha kuchukua njia hiyo tangu mkutano wa Istanbul wa mwaka 1978. Hilo linafaa kwa mfanyakazi wa Minneapolis anayelazimika kuomba ruhusa ya Idi wiki mbili kabla, na sidhani kama linafaa kuhamishiwa kwetu kwa amri.

Linalonishughulisha zaidi ni hatima ya lile neno kuona. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana kweupe, katika dakika ile ile ulipokuwa ukipita upande wa jua, ukiwa na umri wa sifuri. Kamera yake iliona mionzi ambayo jicho haliioni, na kompyuta ikaunganisha picha nyingi hadi kipande chembamba kikajitokeza. Ilikuwa siku ya kuelekea Ramadhani ya mwaka huo. Kama kuona ni kupata sura ya mwezi kwa chombo chochote, basi mwezi unaweza kuonekana kila mara, wakati wowote, na amri ya kutazama jioni ya tarehe 29 imekosa maana. Mwaka 2025 Falme za Kiarabu zilitangaza kutumia ndege zisizo na rubani zenye akili bandia kutafuta mwezi wa Ramadhani. Ukitafakari utaona kwamba hapa chombo kinaendelea kuitwa msaidizi wa jicho, lakini kwa kweli kimechukua nafasi yake, na jicho limebaki kutazama kioo. Sisemi ni haramu. Hiyo si kazi yangu. Nasema kwamba maana ya tendo la ibada imebadilika mikononi mwa mafundi kabla wanazuoni hawajaulizwa.

Kwa upande wa mtu wa kawaida, mabadiliko ni ya namna nyingine. Siku ya shaka, ile ya thelathini ya Shaabani, ilikuwa shaka ya mawingu: hatukuona, hatujui. Shaka ya leo ni ya wingi. Mtu ana picha nne za mwezi zilizotumwa na watu asiowafahamu, moja ikiwa ya mwaka juzi, nyingine haijulikani ilipigwa wapi, na ya tatu huenda haikupigwa popote bali imeundwa na programu. Ana sauti ya sheikh anayesema umeandama na sauti ya mwingine anayesema haujaandama. Na chini ya kioo kalenda ya simu yenyewe imekwisha kumwandikia tarehe, kwa kuwa simu nyingi huja na kalenda ya Umm al-Qura ya Saudia ndani yake. Kalenda hiyo, kwa maelezo ya wenyewe walioiunda, ni ya shughuli za kiraia, na hata Saudia huthibitisha Ramadhani na Idi kwa shahada. Lakini simu haimwambii mwenye simu hayo. Katika nyumba nyingi nijuazo, uamuzi wa lini kufunga umetoka mikononi mwa mji, ukapita kwa dola, na sasa umetua kwa kila mtu peke yake na kifaa chake, hata mume na mke wakawa na makumi mawili tofauti ya mwisho: usiku wa ishirini na saba wa huyu ni wa ishirini na sita wa yule, na usiku wa cheo wanautafuta kwa zamu. Vunja jungu, ambayo ilikuwa ya mtaa mzima kwa kuwa mtaa mzima ulijua kesho ni nini, imebaki karamu ya wenye mwezi mmoja.

Wanaotaka dola iliponye hilo kwa nguvu, kwa kuwakataza watu kuswali Idi kabla ya tangazo, wanajaribu kurudisha zama za redio kwa watu walio na simu. Tangazo la redio lilikuwa na nguvu kwa sababu halikuwa na mshindani hewani. Tangazo la leo halina nguvu hiyo na haliwezi kupewa na askari. Linaloweza kulipa uzito ni kile ambacho waya ulikiondoa, yaani uso wa shahidi. Ofisi ya Kadhi au ya Mufti inapotangaza kwamba mwezi umeonekana, ieleze umeonekana mji gani, saa ngapi, na mashahidi wangapi, na kama jioni ile kuonekana kuliwezekana kwa hesabu; na inapotangaza haujaonekana, ieleze vivyo hivyo ni shahada gani zilizopokelewa na kwa nini zimerudishwa. Fikihi ya Shafi inataka shahidi mmoja mwadilifu kuingia Ramadhani na wawili kutoka. Sijui kwa nini mashahidi hao wamekuwa siri kuliko waliokula njama. Na hesabu itumike pale Subki alipoiweka, mlangoni, kuzuia yasiyowezekana, bila kuipa kiti cha shahidi. Kwa namna hiyo mwenye simu atakuwa na kitu cha kulinganisha na picha aliyotumiwa, na mwenye kufuata mwezi wa kimataifa atakuwa na haki ya kuuliza maswali hayo hayo kwa wanaomtangazia kutoka mbali, ambao hadi sasa hawaulizwi na mtu huku kwetu.

Jaribio halipo mbali. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Makka na Jeddah, mchana, na mamilioni ya watu watauona kwa macho yao ule mpito ambao kwa kawaida hujulikana kwa hesabu tu. Jioni hiyo mwezi utakuwa na saa chache mno, nao utakuwa ndio mlango wa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Hapo hakuna funga wala sala ya Idi, kwa hiyo watu watakuwa wametulia, na pengine ndiyo nafasi nzuri ya kutazama ni nani atakayesema ameuona.